Jinsi ya kujua muvi imesafishwa hadi ikapoteza sura, na vile utasafisha yako bila kuiua

Mwaka jana mama mmoja wa Nyalenda aliniletea flashi hapa dukani Kondele. Ndani kulikuwa na video ya harusi yake ya 1994, ilikuwa kwa tepu ya VHS akapeleka kwa fundi fulani wakamhamishia kwa kompyuta na wakamsafishia kabisa, hivo ndo aliambiwa. Akaniambia, kijana wangu hebu niangalilie hii kitu, huyu si mamangu. Nikaweka. Kweli mamake amekaa mstari wa mbele, lakini uso umelainika kama sabuni imetumika wiki mbili, makunyanzi yameenda, nyusi zimeenda, kitambaa cha kichwa kilikuwa na maua sahii ni rangi moja tu tupu. Na yule mama mzee alishafariki, na tepu ilishatupwa juu waliambiwa haina kazi tena. Nilimwambia ukweli, mama, hii haiwezi rudishwa, kilichofutwa kimefutwa.

Hiyo kitu ilinikaa. Na nataka ujue kilichofanyiwa huo uso ndicho hufanyiwa muvi kubwa kubwa zikiwekwa kwa DVD na Blu-ray, mashine ni ile ile na kosa ni lile lile, tofauti tu studio bado iko na filamu yenyewe kwa stoo wanaweza rudia kazi, huyu mama hana. Kwa hivo nitakuonyesha vile utatambua diski iliyopanguswa sana, vile utapanga TV yako isiongeze uharibifu, na ukiwa na tepu ya nyumbani unataka kuisafisha, vile utafanya.

Kwanza elewa chembe ni nini, hapa usiruke

Filamu ya mkanda haina pikseli. Iko na vipunje vidogo sana vya silva vimetapakaa kwa utando wa jelatini, mwanga ukivigonga vinabadilika, halafu mkanda ukipitishwa kwa dawa picha inatokea. Kwa filamu ya rangi hiyo silva huoshwa yote na pale ilipokuwa panabaki vidoti vya rangi kama vijiwingu. Kwa blakendiwaiti silva yenyewe ndio inabaki. Sasa zile chembechembe unaona zikicheza kwa muvi ya kitambo, watu wa muvi huziita greini, si vumbi na si uchafu uliokuja juu ya picha, hizo ndizo picha. Ni kama mkeka wa matete, ukichomoa matete ukisema unausafisha, huna mkeka.

Na kuna kitu kingine watu hawajui. Kila sekunde kuna fremu 24 na kila fremu chembe zimekaa tofauti na ile ya kabla, kwa hivo fremu moja pekee ukiisimamisha inakaa kavu na mbaya, lakini zikikimbia jicho lako linazijumlisha na hapo ndo unaona ndevu, nyuzi za koti, jasho. Ndio maana huwezi hukumu chembe kwa pozi peke yake.

Filamu pana kama ya milimita 65 chembe hazionekani sana juu haikuzwi sana ikienda kwa skrini, ya 16 zinaonekana zaidi, na pahali pa giza ambapo walitumia filamu ya kasi, yani ile inayoshika mwanga haraka, vipunje ni vikubwa zaidi. Hizo tofauti ni za kazi yenyewe, mpiga picha alizijua na alizichagua.

Uchafu ndio huu sasa

Vumbi, nywele, mikwaruzo ya wima, picha kutikisika, mwanga kupanda na kushuka. Nikiwa mdogo gari la sinema likija Ahero tulikuwa tunadhani ile mistari ni mvua. Kidoti cheupe mara nyingi ni vumbi lililokuwa kwa negativu, yani filamu ya asili iliyopigwa na kamera, lilizuia mwanga wakati wa kuprinti, na kidoti cheusi ni vumbi liko kwa ile kopi yenyewe. Hivyo vyote vitolewe, hakuna anayelia juu ya vumbi, mimi wa kwanza.

Vizuri ni kutolewa kabla ya programu kuguswa. Mkanda unaoshwa, na kuna skana zinazopitisha filamu ndani ya majimaji yanayojaza ile mikwaruzo ya upande wa nyuma hadi mwanga unapita kama hakuna kitu. Kuna pia kutumia infraredi, rangi za filamu nyingi za rangi zinapitisha infraredi lakini vumbi linaizuia, kwa hivo mashine inapata ramani ya vumbi bila kubahatisha. Kwa blakendiwaiti hiyo haifanyi kazi, silva nayo inazuia infraredi kama vumbi tu.

Shida inaanza kazi ikiachiwa programu peke yake. Programu inafikiria hivi: kitu kikionekana kwa fremu moja na hakikuwa kwa ile ya kabla wala ya baadaye, hicho ni vumbi, futa. Lakini cheche ya moto pia iko hivo. Tone la mvua pia. Muvi ya Gladiator ilipotoka kwa Blu-ray 2009, kwa ile vita ya mwanzo mishale ya moto ilifutwa hewani, mashine ilidhani ni uchafu, na 2010 ikabidi watoe toleo lingine lililorekebishwa. Muvi ya dakika 90 iko na fremu 129,600, mtu kuzipitia moja moja ni pesa na ni miezi, kwa hivo naelewa kwa nini wanaachia mashine, lakini lazima mtu aketi aangalie kile mashine imetoa.

Vile chembe zinafutwa na alama zinazobaki

Kuna njia mbili. Ya kwanza programu inachukua pikseli na majirani zake ndani ya fremu hiyo hiyo inapiga wastani, kila kitu kinalainika, ngozi inakuwa nta. Ya pili inapiga wastani kati ya fremu na fremu, hii ni nzuri kiasi pahali pametulia, lakini kitu kikitembea kinaburuta kivuli chake, au ngozi inakuwa na maelezo, yani vile vitu vidogo vidogo kama vitundu na mikunjo, mtu akitulia na akigeuza kichwa inapotea halafu akitulia inarudi. Ukiona hiyo ya kuja na kwenda mara moja hutaacha kuiona tena, nakuonya mapema.

Baada ya kufuta wanaona picha imelegea kwa hivo wanaongeza shapnesi, yani ukali wa kingo, na hapo ndo unapata ule mstari mweupe pembeni ya kila kitu, paa la nyumba likikutana na mbingu, waya wa stima, bega la mtu mwenye suti nyeusi. Huo mstari haukuwa kwa filamu. Kwa TV ndogo za kitambo ulikuwa unafanya picha ikae kali na wengi tulidanganyika, kwa skrini ya inchi 50 ni aibu.

Kwa nini wafanye hivi na wao ndio wenye mali? Sababu moja ni nafasi. Chembe zinabadilika kila fremu kwa hivo kukompresi, yani kubana video iwe faili ndogo, ni kazi ngumu, zinakula bitireti, yani data inayotumika kila sekunde. DVD mwisho wake ni megabiti 9.8 kwa sekunde kwa picha, Blu-ray ni 40, na ukiwa na bitireti kidogo chembe zinageuka vibloki, kwa hivo mtu anaona afadhali azifute. Nyingine ni kutumia skani ya kitambo iliyofanywa enzi za DVD, wanaipangusa na kuishapisha badala ya kuskani upya. Halafu kuna wateja, hili lazima tulikubali, mtu ananunua TV mpya kubwa anaona chembe anasema hii muvi ni mbaya nirudishie pesa. Nimeambiwa hivo hapa dukani si mara moja.

Mifano miwili ya kucheki ukipata nafasi. Patton ilipigwa kwa filamu pana ya milimita 65, yani maelezo mengi ajabu, na Blu-ray yake ya 2008 ikapanguswa hadi nyuso zikawa laini, 2012 ikatoka nyingine iliyotengenezwa upya. Na Predator, toleo la 2008 lilikuwa na chembe nyingi, halafu 2010 wakatoa lingine na ndani Schwarzenegger anakaa kama mwanasesere wa duka la nguo, yani porini kuna joto, watu wanatiririka jasho, na ngozi haina hata kitundu. Ukiweka hizo mbili kando kando hutahitaji maelezo yangu.

Sasa jinsi ya kupima diski yako

Zima taa, sogea karibu na TV kuliko kawaida yako, mita moja na nusu hivi, baadaye utarudi kwa kiti.

Tafuta pahali uso wa mtu mzima umejaza skrini na mwanga unatoka upande. Mzee mwenye ndevu za siku tatu ndio mzuri zaidi, mtoto na bibi harusi wamepakwa poda hawatakusaidia. Angalia vitundu vya ngozi, nywele moja moja za nyusi, mikunjo chini ya macho. Kama uso ni laini lakini kola ya shati iko kali sana na ina mstari mweupe, hapo jibu unalo.

Usipozi kwanza, acha itembee. Angalia ukuta mtupu au mbingu, chembe zinafaa kucheza kila pahali sawasawa kama maji ya sufuria yanayotaka kuchemka. Kama zimeganda, yani mtu anatembea lakini chembe za ukuta nyuma yake zimesimama tu kama kioo kichafu, hiyo imepitishwa kwa wastani wa fremu. Kama mbingu imekuwa na ngazi ngazi za rangi badala ya kufifia pole pole, pia ni dalili, juu chembe ndizo husaidia kuficha zile ngazi.

Halafu tafuta kitu chembamba kinachotembea, nywele kwa upepo, majani, mvua. Kikiwa na kivuli nyuma andika hiyo pia.

Lakini usikimbilie kulaumu. Muvi iliyopigwa na kamera ya dijitali haina chembe za filamu, usiitafute dhambi. Wapiga picha wengine walikuwa wanaweka kitambaa au filta mbele ya lenzi ili uso wa staa ulainike. Na muvi za kitambo pahali picha moja inayeyuka kuingia nyingine, au maandishi yako juu ya picha, hapo waliipiga picha upya kwa filamu nyingine, ni kopi ya kopi, kwa hivo utaona ghafla imekuwa na chembe nyingi na kulegea, ikiisha inarudi sawa. Hiyo si kosa la diski, filamu yenyewe iko hivo na ikibaki hivo ni heshima.

Na tafadhali usipime na ile ya megabaiti 700 uliwekewa kwa flashi. Muvi ya masaa mawili kwa megabaiti 700 ni kama megabiti 0.78 kwa sekunde, chembe zilikufa zamani kwa kukompresiwa, huwezi jua studio ilifanya nini. Hata zile DVD za muvi kumi kwa diski moja, piga hesabu, diski ni gigabaiti 4.7.

TV yako nayo

Unaweza kuwa na diski safi kabisa na TV inaipangusa ikiwa kwa nyumba yako. Toa ile modi ya rangi kali ambayo TV hutoka nayo dukani, weka ya sinema au Filmmaker Mode kama iko, hiyo ilitangazwa 2019 na TV mpya nyingi ziko nayo. Ingia ndani kabisa ya setingi za picha, zima kila kitu kinachopunguza noizi, yani chengachenga za picha, huwa ziko mbili, zote. Zima ile inayolainisha mwendo hadi muvi inakaa kama taarifa ya habari ya saa moja. Shapnesi teremsha, TV nyingi sifuri au karibu na sifuri ndio kawaida yake, lakini Sony 50 ndio katikati, usiiteremshe hadi chini utaongeza ukungu. Siku ya kwanza utaona kama picha imepoa. Kaa nayo wiki moja, halafu rudisha vile ilikuwa uone kama utavumilia.

Ukitaka kusafisha tepu yako mwenyewe

Hapa Kisumu adui wa kwanza ni ukungu, hii joto na unyevu wa ziwa tepu zikikaa kwa boksi chini ya kitanda zinaota vitu vyeupe pembeni ya mkanda. Chungulia kwa kidirisha kabla hujaiweka kwa deki. Ukiona huo ukungu usiicheze, utachafua hedi na utaambukiza tepu zingine zote, mpelekee mtu anayejua kuifungua na kuisafisha.

Rekodi ya kwanza iwe ghafi. Sitachoka kusema. Tepu za kwetu ni PAL, ule mfumo wa picha wa TV za kitambo za hapa, pikseli 720 kwa 576, rekodi kwa kodeki, yani njia ya kubana video, isiyopoteza kitu kama HuffYUV au FFV1, itakula karibu gigabaiti 30 kwa saa, ndio ni nyingi, nunua hard disk, weka hiyo faili pahali na usiiguse tena. Kila usafi unafanyiwa kopi. Na tepu usitupe hata ukishamaliza, hata mtu akikwambia haina kazi. Huyo mama wa Nyalenda angekuwa na tepu tungekuwa tunaongea mengine.

Sasa kuna kitu lazima niseme kwa haki, noizi ya VHS si chembe za filamu. Ni ya umeme, haikuwa kwa picha, kwa hivo kuipunguza si dhambi. Shida ni programu haijui kutenganisha noizi na makunyanzi, zote kwake ni vitu vidogo vinavyobadilika. Lakini noizi mbaya zaidi ya VHS iko kwa rangi, yale madoa mekundu na ya bluu yanaogelea kwa ukuta, na jicho la mtu haliangalii maelezo kwa rangi, linayaangalia kwa mwanga. Kwa hivo pangusa rangi kwa nguvu na mwanga kidogo sana. Kwa FFmpeg, programu ya bure ya video unayoiandikia amri, filta ya hqdn3d inachukua namba nne, mwanga ndani ya fremu, rangi ndani ya fremu, mwanga kati ya fremu, rangi kati ya fremu. Mimi huanza na hqdn3d=1:4:2:6 halafu naangalia. Kama unatumia HandBrake ambayo ni ya bure na rahisi zaidi, anza na Bwdif kutoa ile mistari ya intalesi, yani vile tepu hugawa kila fremu mara mbili kwa mistari hadi kitu kikitembea kinakaa kama kitana, halafu NLMeans kwa Ultralight na tuni ya Tape, usipande hadi Strong hata ukishawishika. Shapnesi acha. Ukitoa ya kupatia familia weka RF 18 hivi, hiyo ni namba ya ubora, ikiwa ndogo picha ni bora na faili ni kubwa, na kama ni kitu kilichotoka kwa filamu na kina chembe weka tuni ya grain kwa x264, kile kinachobana video ndani ya HandBrake, faili itakuwa kubwa na ndivyo inafaa.

Kisha jaribio ambalo natamani kila fundi wa hii kazi angelijua. Toa vipande viwili vya sekunde 30, vyote umeshatoa intalesi, kimoja hujagusa noizi, kingine umepangusa, vyote kwa RF ya chini kama 12 ili kukompresi kusikuchanganye. Viweke kwa DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, ile ya bure inatosha, kimoja juu ya kingine, halafu cha juu ukibadilishe modi iwe ya tofauti (Difference). Skrini itakuwa karibu nyeusi yote, ongeza mwangaza mpaka uone. Unachokiona hapo ndicho ulichotoa kwa picha. Kama ni mchanga tu unachemka bila umbo lolote, vizuri, umetoa noizi. Kama unaona macho, mistari ya mdomo, maua ya leso, umbo la mtu, basi hicho ulichotupa ni mtu, rudi uteremshe namba.

Hizi programu mpya za akili bandia nazo zinakuja na nguvu, na sizipingi zote, lakini uwe macho juu hazisafishi tu, zinachora. Zikikosa jino zinabuni jino, maandishi ya ukutani yanakuwa herufi zisizosomeka, na nyuso za watu walio mbali zinageuka za watu wasiokuwepo. Hata studio zimeingia huko, matoleo ya 4K ya Aliens na True Lies ya 2024 watu walizozana sana juu ya ngozi kukaa nta. Kwa harusi ya mtu, mimi siweki uso uliobuniwa kwa shingo ya mamake, hata akinilipa mara mbili.

Mteja akisisitiza anataka laini namtolea kopi mbili, ya laini na ya kawaida, na ile ghafi naiweka kwa boksi moja na tepu yake. Wengi wakikaa kuangalia na wazee nyumbani hunipigia kuuliza ile ya kawaida iko kwa faili gani.